Safu ya Shangazi: Tunakwenda Amsterdam, na kaka anatusubiri Rotterdam

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Nipo Leeds, Uingereza, mwaka wa saba sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kwa miaka mitano naishi na mwenzangu, mwanamke kama mimi, mzaliwa wa Mombasa. Tunapendana. Neno hilo nimeliandika nikalifuta mara tatu kabla sijaliacha.

Nyumbani hakuna anayejua. Mama anamfahamu, wanaongea kwenye simu, hata mapishi wanapeana. Kwa Mama yeye ni "shoga yangu", na unajua kwetu neno hilo likitoka kinywani mwa mwanamke wa umri wa Mama lina maana ya rafiki wa kike wa kushibana, basi. Kila akitaka kukata simu husema, "Nisalimie shoga yako." Mwenzangu hucheka, kisha huingia jikoni akaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Mwaka huu tumedunduliza pesa twende Amsterdam siku tano, tufike tarehe 3 Mei. Tutapanda feri ya usiku kutoka Hull. Tumesikia kule watu kama sisi wanatembea barabarani bila kutazamwa. Nataka siku tano tu za kutojikunyata.

Tatizo nimelileta mwenyewe. Niliponyokwa na ulimi nikamwambia Mama nakwenda Uholanzi. Jioni ile ile kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Rotterdam na mkewe na watoto, akapiga simu: "Mtafikia kwangu, wewe na mwenzio. Hoteli za nini na nyumba ipo?" Wifi ameshapanga kuwatoa watoto chumbani kwao. Shangazi, huyu kaka ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita, baba alipofariki. Sijawahi kumkatalia kitu.

Mwenzangu amekasirika. Amesema, "Siwezi kuvuka bahari nikaitwe shoga siku tano nyingine." Tumelala mgongo kwa mgongo wiki nzima.

Nisaidie. Nimkatalie vipi kaka bila kumvunjia heshima? Au safari hii ndiyo nafasi ya kumwambia ukweli? Na kweli kule ni salama, au ni sifa tu? Mimi nina pasipoti ya Tanzania, naomba viza. Je, wataniuliza mambo haya? Na picha zikifika Tanga itakuwaje? Wengine wanatushauri tungoje Agosti, kwenye yale maandamano ya maboti ya watu kama sisi. Jambo la mwisho: sisi si watu wa baa. Mimi nasali. Sijui kama kuna mahali petu.

Msafiri, Leeds

*

Marahaba, mwanangu.

Msifikie kwa kaka yako. Nalisema kwanza kwa sababu mengine yote yanategemea hilo, na kwa sababu naona umeshaanza kutafuta njia ya kukubali.

Mwenzako ana haki ya kukasirika. Wewe unapoitamka safari hii unaona mitaa na mifereji. Yeye anaona chumba cha watoto, vitanda viwili vidogo, na wewe ukivuta lako shuka upande wa pili ukisikiliza kama wifi yako amepita koridoni. Hayo mnayo Leeds kila simu ikilia. Mmedunduliza pesa ili kwa siku tano msiwe nayo.

Sasa jinsi ya kumwambia kaka. Lipieni hoteli kwanza, ndipo umpigie, ili kila utakalomwambia liwe kweli. "Kaka, ahsante sana. Tumeshalipia hoteli Amsterdam, tunataka kuzunguka mjini. Siku ya mwisho tutakuja kwako mchana tule pamoja, maana feri yetu inaondoka usiku huo huo." Hakuna uongo hata chembe. Ukiangalia ramani utaona bahati mliyonayo: feri ya Hull inatia nanga Europoort, upande wa Rotterdam, si Amsterdam. Kwa hiyo nyumba ya kaka ipo njiani kurudi. Ziara inakuwa na mwisho wake, na mwisho huo hauwekwi na wewe, unawekwa na meli. Nendeni na kitu mkononi, kitu cha watoto na kitu cha wifi. Atalalamika kidogo, kama kaka yeyote wa kwetu anavyopaswa kulalamika, kisha atamwambia mkewe apike pilau.

Kwenye hicho chakula cha mchana, mwenzako aje akitaka mwenyewe. Muulize, na jibu lake ulipokee bila kununa. Akisema hawezi, nenda peke yako. Yeye azunguke Markthal, soko lile la paa la upinde lililojaa michoro, au apite West-Kruiskade akatafute roti ya Kisurinamu, ya watu wa asili ya Suriname kule Amerika Kusini, na mkutane stesheni jioni.

Kumwambia kaka ukweli? Si safari hii. Ada aliyokulipia ni deni la shukrani, na shukrani utamlipa maisha yako yote, kwa simu za Idi, kwa kumwombea, kwa kuwasaidia wanawe wakikua. Haikumnunulia haki ya kujua unalala na nani. Siku ukimwambia, umwambie kwa kuwa unataka akujue, ukiwa kwako, una pa kulala na hakuna meli ya kuwahi. Na hilo neno "mwenzio" alilolisema, naona umelinukuu kwa makini. Huenda ana hisia, huenda ni neno tu. Usilichimbe.

Kuhusu viza, tulia. Fomu ya Schengen, viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inauliza hali yako ya ndoa, kazi yako, unakofikia na nani anagharamia. Haiulizi unampenda nani. Hapa ndipo hoteli inakusaidia tena: ukifikia kwa ndugu Uholanzi, yeye hujaza fomu maalumu ya kukukaribisha nyumbani kwake, anaithibitisha saini yake manispaa, na jina lake linaingia kwenye maombi yako. Ukifikia hotelini unaonyesha nafasi uliyolipia, imekwisha. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo ukomo; usingoje Aprili, miadi hujaa. Ada ni yuro 90. Bima ya safari iwe ya kufikia angalau yuro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka. Hukunitajia pasipoti ya mwenzako. Kama ni ya Uingereza, mkishuka bandarini huenda foleni zenu zikatengana. Usishtuke, na usijieleze kuliko ulivyoulizwa.

Usalama. Nitakupa yote mawili, sifa na kasoro.

Uholanzi ndiyo nchi ya kwanza duniani kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja. Sheria ilianza tarehe 1 Aprili 2001, na saa sita za usiku huo meya wa Amsterdam, Job Cohen, aliwafungisha ndoa jozi nne, moja ya wanawake na tatu za wanaume. Tangu 1994 sheria ya kutendewa sawa inamkataza mwenye hoteli au mgahawa kukunyima huduma kwa sababu hii, na mwaka 2023 jambo hilo liliandikwa kwenye ibara ya kwanza kabisa ya katiba. Mapokezi watawauliza kama mnataka kitanda kimoja au viwili kwa sauti ile ile wanayoulizia muda wa kifungua kinywa. Jibuni hivyo hivyo.

Lakini Waholanzi hawakuzaliwa hivyo, na ningependa ulijue hilo, kwa sababu watu wa kwetu hudhani Ulaya ilikuwa hivi tangu Nuhu. Kuanzia 1911 walikuwa na kifungu namba 248bis, kilichomfunga mtu mzima akiwa na mpenzi wa jinsia yake aliye chini ya miaka 21, ilhali kwa mwanamume na mwanamke umri ulikuwa 16. Kilifutwa 1971. Mama yako alishazaliwa, nadhani. Kilichokiondoa ni watu waliokaa vikao miaka na miaka, wengi chini ya COC, chama cha watu kama nyinyi, kilichoanza Amsterdam mwaka 1946, mwanzoni kikijificha nyuma ya jina la klabu ya fasihi.

Na bado wapo wanaopiga. Aprili 2017, mjini Arnhem, wanaume wawili walishambuliwa usiku wakirudi nyumbani wameshikana mikono. Baada ya hapo wanasiasa wawili, Alexander Pechtold na Wouter Koolmees, wakaingia kwenye mazungumzo ya kuunda serikali huko The Hague nao wameshikana mikono, mbele ya kamera zote, na wanaume wengi nchini wakafanya vivyo hivyo. Nakisimulia kisa hiki kizima kwa sababu ndivyo nchi ilivyo: mkono unaweza kukuletea ngumi usiku wa manane, na kesho yake wenye nchi wakashika mikono kwa ajili yako. Mchana, katikati ya Amsterdam, tembeeni mnavyotaka. Usiku sana, kwenye mitaa mitupu au mbele ya kundi la vijana waliolewa, tumieni akili ile ile mnayoitumia Leeds. Likitokea la dharura, namba ni 112; kwa yasiyo ya dharura ni 0900-8844. Ndani ya polisi kuna mtandao wa askari uitwao Roze in Blauw, unaoshughulikia hasa watu wanaoonewa kwa sababu hii. Mkihitaji, utajeni kwa jina.

Sasa mikono, maana barua yako nzima naiona inazunguka hapo.

Pwani yetu wanawake wawili wakishikana mikono hakuna anayegeuka. Umeshikwa mkono na mashoga zako tangu unakwenda madrasa. Nina hakika ni Leeds ulikojifunza kuuachia, kwa sababu kule mkono una maana, na maana ndiyo unayoiogopa. Kwa hiyo siku ya kwanza Amsterdam mtashikana mikono na huenda usihisi furaha uliyoitarajia. Huenda ukahisi hofu, mabega yakapanda, ukawa unatazama nyuma. Usidhani safari imeharibika, na mwenzako asidhani humtaki. Mwili una mazoea yake. Upe mpaka siku ya tatu.

Na kuna neno nataka mjifunze kabla hamjapanda feri: *vriendin*. Ni rafiki wa kike, na pia ni mpenzi wa kike. Waholanzi wana neno moja kwa yote mawili. Tofauti iko kwenye namna ya kulifunga. *Een vriendin van mij* ni rafiki yangu mmoja. *Mijn vriendin*, vriendin wangu, ni huyu ninayelala naye na kuamka naye. Mwenzako amechoka kuitwa shoga kwa ile maana ya Mama. Mpe hili. Mtakapoagiza chai mahali, mhudumu akauliza ile ya pili ni ya nani, umwambie *voor mijn vriendin*. Ni maneno matatu. Nadhani yatawasaidia kuliko hoteli ya nyota tano.

Agosti msingoje. Maboti hayo hupita kwenye mfereji mwanzoni mwa Agosti, wamefanya hivyo tangu 1996, na ni jambo zuri sana kuliona, lakini umati unajaa kingo zote, bei za vyumba zinaruka, na kila mtu ameinua simu. Mtu anayeogopa picha yake kufika Tanga hawezi kustarehe hapo. Mei ni yenu. Tena mmeangukia siku ambayo sidhani mmeijua.

Tarehe 4 Mei Waholanzi huwakumbuka waliokufa vitani. Saa mbili usiku nchi nzima hunyamaza dakika mbili, tramu husimama. Siku hiyo nendeni Westermarkt, pembeni ya kanisa la Westerkerk, penye Homomonument. Ilizinduliwa 1987, kazi ya msanii Karin Daan: pembetatu tatu za mawe ya waridi, kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kuzikanyaga asijue. Zimechukuliwa kwenye pembetatu ya waridi ambayo Wanazi waliwashonea wanaume waliopenda wanaume katika kambi za mateso. Moja inaelekea nyumba alimojificha Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara wakati wa vita, hatua chache tu. Hiyo hiyo imechorwa mstari wa shairi la Kiholanzi kuhusu hamu ya urafiki isiyo na kipimo. Ndiyo, urafiki, lile neno lenu lenye sura mbili. Nyingine ni ngazi zinazoshuka mpaka kwenye maji ya mfereji, na huko watu huweka maua. Tarehe 4 Mei hufanyika kumbukumbu hapo hapo. Kama umati utakutia wasiwasi, simameni nyuma, au mrudi asubuhi ya pili mapema. Mimi nilikaa kwenye ngazi zile asubuhi moja ya baridi, sikuwa na yeyote wa kumwombea hapo kwa jina, nikaomba hata hivyo.

Umesema nyinyi si watu wa baa. Basi mtaa wa Reguliersdwarsstraat, wenye kumbi za usiku, mwaweza kuupita mchana mkauona ukatosha. Café 't Mandje, mtaa wa Zeedijk, ningeomba mchungulie hata kwa kahawa: mwanamke aitwaye Bet van Beeren aliifungua 1927, hakuficha kwamba anapenda wanawake, na tai za shingoni alizowakatia wateja wake bado zinaning'inia darini. Maktaba kuu ya mji, karibu na stesheni kuu, ina mkusanyiko wa IHLIA wa vitabu na nyaraka za maisha ya watu kama nyinyi, na kuingia ni bure. Kaeni Vondelpark. Chakula cha halali si shida hata kidogo. Wamoroko, Waturuki na Wasuriname wamejaa mjini, na roti ya kuku ya Kisurinamu, na viazi vyake vya bizari na maharage marefu ya kijani, itawakumbusha nyumbani mpaka mnyamaze. Na kwa kuwa umesema unasali: kuna taasisi Uholanzi iitwayo Maruf, ya Waislamu walio kama wewe. Huna haja ya kuitafuta ukiwa likizo. Nimekutajia ujue kwamba wapo watu wanaosali nayo yote mawili moyoni.

Tahadhari mbili ndogo. Msitembee kwenye njia ya baiskeli. Haitakuwa na huruma. Na msidhani Kiswahili ni maficho. Chuo Kikuu cha Leiden wamekifundisha miaka mingi, na watu wetu wapo kote. Lile mnaloona ni siri kwenye tramu, kuna dada amelisikia vizuri.

Picha. Pigeni, nakuomba mpige, msirudi mikono mitupu kutoka safari mliyoingoja miaka mitano. Ila zigawe tangu mwanzo. Za mifereji, maua na wewe peke yako ziende kwa Mama na kwenye status. Zenu wawili zisipite WhatsApp hata kwa dakika, maana status huionwa na shemeji usiyemkumbuka. Zima nakala zinazojituma zenyewe kwenye akaunti mnayochangia na ndugu, na usiweke mahali mlipo wakati bado mpo hapo. Wifi atapiga picha ya mezani na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Iacheni, hiyo ni picha ya wageni wakila pilau. Lakini utakapokwenda Tanga, picha zenu zisiwe ndani ya simu, wala akaunti yenye picha hizo isiwe imefunguliwa humo. Sheria za kwetu kuhusu mapenzi ya jinsia moja zinafika kifungo cha maisha, na hata kabla ya sheria kuna binamu mwenye vidole vyepesi. Nasema hili kwa uchungu.

Imebaki Mama. Hukuniuliza kuhusu yeye, ila umemtaja kuliko mtu mwingine yeyote. Atapiga simu mkiwa Amsterdam, bila shaka. Pokea. Mwambie umeona maji mengi mjini, na kwamba baiskeli ni nyingi kuliko watu. Akisema "nisalimie shoga yako", mpe mwenzako simu wasalimiane wenyewe. Kisha mkishakata, kabla hajainuka, muite kwa lile neno jipya.

Mpigie kaka wiki hii, baada ya kulipia hoteli.

Shangazi